Mbuzi Kakatiza, Mpira Wavuni: Refa Afanyeje?

Upepo wa Dodoma umeanza, ndondo, yaani mashindano ya soka la mitaani, zimepamba moto, na viwanja vyetu vingi bado havina uzio. Ndiyo maana maswali mliyonitumia wasomaji safari hii karibu yote yanahusu wavamizi wasiovaa jezi. Nayajibu kwa sheria za soka zinavyosomeka sasa.

Straika wetu kapiga shuti, mbuzi akakatiza mbele ya goli, mpira ukamgonga ukaingia. Refa kakataa goli. Alikuwa sahihi? (Chamwino)

Kuna mambo mawili hukuyasema, na ndiyo yanayoamua. La kwanza: shuti lilikuwa linaelekea golini, au lilikuwa linatoka nje mbuzi akaligeuza? Kama lilikuwa linatoka, goli hakuna. La pili: mbuzi alimzuia kipa au beki asiucheze mpira? Kama kipa alikuwa ameshalala upande mwingine na hakuna beki wa kuufikia, goli ni halali hata kama mpira umempiga mbuzi ubavuni. Najua wengi mtabisha. Zamani kuguswa tu kulitosha kulifuta goli, na baadhi ya marefa wetu bado wanachezesha kwa sheria ile.

Lakini kama kipa alikuwa anaufuata mpira ukamhama kwa sababu ya mbuzi, refa alikuwa sahihi. Anasimamisha mchezo, kisha anaudondosha mpira kwa kipa, wengine wote wakiwa umbali wa mita 4 au zaidi. Tangu 2019 hakuna tena ule utaratibu wa wawili kusimama uso kwa uso wakigombea.

Kuna upande unaouma zaidi. Mbuzi akiuzuia mpira mstarini, goli halipo, hata uwanja mzima ukiapa kwamba lilikuwa linaingia. Refa hawezi kuhesabu mpira ambao haujavuka mstari. Na mbuzi akiwa anatafuna majani kule kwenye kibendera cha kona, hamsumbui mtu, mchezo uendelee.

Wanaodhani haya ni ya vijijini tu wakumbuke Oktoba 2009, Sunderland na Liverpool, Ligi Kuu ya Uingereza. Shabiki wa Liverpool alirusha uwanjani mpira mkubwa wa kuchezea ufukweni. Darren Bent akapiga shuti, likaugonga mpira ule, likabadili njia na kumpita kipa Pepe Reina. Refa Mike Jones akakubali goli, Sunderland wakashinda 1-0. Lilikuwa kosa wakati ule, na hata kwa sheria ya leo lingekuwa kosa, maana kipa alivurugwa. Wiki iliyofuata Jones alipangiwa mechi ya daraja la chini.

Mtu kwenye mashabiki kapuliza filimbi, beki wetu akadhani ni refa, akaudaka mpira ndani ya boksi. Tukapigwa penalti! (Kizota)

Mlionewa. Filimbi ya shabiki ikimfanya mchezaji aamini mchezo umesimama, refa anausimamisha kweli na kudondosha mpira. Kwa kuwa ilikuwa ndani ya boksi lenu, ulikuwa wa kipa wenu. Ila refa lazima aridhike kwamba filimbi ndiyo iliyomponza beki. Mimi ningewaangalia wengine: kama washambuliaji nao walisimama, mikono kiunoni, basi wote waliisikia. Kama beki peke yake ndiye aliyesikia filimbi, hapo ana kesi ya kujibu.

Mchezaji wa akiba alikuwa anapasha misuli nyuma ya goli lao. Akaingia, akauondoa mpira uliokuwa unavuka mstari. Refa kadondosha mpira. (Mpwapwa)

Hapo refa alimpa mchezaji wa akiba haki za mbuzi. Mbuzi hana timu, huyu anayo. Mtu wa benchi, awe kocha, daktari au mchezaji wa akiba, akiingia na kuvuruga mchezo, adhabu ni faulo ya moja kwa moja, ile inayoweza kupigwa golini bila mwingine kuugusa mpira, na kwenye boksi lake ni penalti. Tena huyo alizuia goli, kwa hiyo ni kadi nyekundu. Timu yake inabaki na watu 11 uwanjani kwa sababu yeye hakuwa mmoja wao. Najua inaudhi.

Kocha anayeudaka mpira unaotoka nje kabla haujavuka mstari, bila nia mbaya, ana nafuu. Tangu 2025 hiyo ni faulo isiyo ya moja kwa moja, bila kadi.

Kipa kapiga golikiki, upepo ukaurudisha mpira hadi wavuni kwake. Hakuna aliyeugusa. (Ihumwa)

Ni kona. Golikiki haiwezi kuingia moja kwa moja kwenye goli la aliyeipiga ikawa goli. Upepo nao si mvamizi, ni sehemu ya mechi, na kwetu huku ni kama mchezaji wa 12 wa timu inayoupa mgongo. Kipa akikimbilia kuudaka kabla haujaguswa na mwingine, anawapa wapinzani faulo isiyo ya moja kwa moja karibu na goli lake. Auache tu.

Mwamba wa juu ulivunjika, tukafunga kamba tukaendelea. Timu pinzani imekata rufaa. (Kongwa)

Wana hoja. Sheria inakataza waziwazi kamba kuchukua nafasi ya mwamba. Mchezo unasimama hadi utengenezwe, kisha mpira unadondoshwa. Fundi wa kuchomelea asipopatikana, refa anavunja mechi na kuandika ripoti. Nani apewe pointi, hilo ni la kamati ya mashindano.