Mafuta ya karafuu kwenye jino bovu

Pole sana dada. Umeuliza kama mafuta ya karafuu yanaua kweli bakteria wa mdomoni, na kwa nini fizi imebabuka ikawa nyeupe baada ya kuyadondoshea jinoni.

Yanaua, ndiyo. Sehemu kubwa ya mafuta hayo ni eujeno, ambayo hupasua utando wa nje wa bakteria na kutia ganzi. Madaktari wa meno huichanganya na oksidi ya zinki kuziba jino kwa muda; ile harufu ya kliniki, inayokumbusha pilau, ndiyo hiyo. Lakini eujeno haichagui: nyama ya fizi nayo inaungua.

Kwa sasa yaache kabisa, sukutua kwa maji ya chumvi vuguvugu mpaka fizi ipone. Ukiyarudia, tone moja kwenye kijiko cha chai cha mafuta ya nazi, uguse jino tu kwa pamba. Usimeze, na watoto wasiyaguse kabisa. Yakimezwa huharibu ini.

Mswaki usiuache. Ule ukoko wa meno hauondoki kwa mafuta. Na tundu halijizibi, kamwone daktari wiki hii. Uso ukivimba au homa ikipanda, nenda leo.