Uliza Fundi: Kuburuta na kuachia kwa wasiotumia mausi

SWALI: Mambo fundi. Nina apu ya kupanga kazi za timu, ni orodha tu, unaburuta kazi unaipeleka juu au chini kulingana na uharaka wake. Juzi mteja kampa mfanyakazi wake asiyeona aijaribu, jibu likarudi kwamba orodha inasomeka vizuri tu ila kuipanga hawezi. Nimeweka tabindex kwenye kila mstari ili Tab iufikie, nimeweka na aria-grabbed, ile ya kusema kitu kimeshikwa, kama nilivyoona kwenye somo moja la mtandaoni, wapi, hali ni ile ile. Nakosea nini?
Developa aliyechoka

JIBU: Pole ndugu yangu. Hilo somo limezeeka. aria-grabbed na mwenzake aria-dropeffect ziliwekwa kando tangu ARIA 1.1 (kanuni za kuzielezea sehemu za ukurasa kwa visoma skrini) ilipotoka Desemba 2017, na visoma skrini, yaani programu zinazomsomea asiyeona kilichopo kwenye skrini, havikuwahi kuzishika sawasawa, kwa hiyo zifute tu huna unachopoteza. Na tabindex peke yake inamfikisha mtu mlangoni halafu mlango wenyewe hauna kitasa. Kafika kwenye mstari kwa Tab, haya, kisha? Uburutaji uliomo ndani ya HTML asili yake ni Internet Explorer 5 ya mwaka 1999, HTML5 ikaja kuurithi, na tangu huko ulifikiriwa kwa mausi. Kila kitu cha kibodi unakiandika mwenyewe.

Ushauri wangu, na najua kuna watakaoguna, anza na batani mbili kwenye kila mstari, Pandisha na Shusha, zifanye kazi yote bila kuburuta kokote, ndo uje uweke kuburuta juu yake kwa wanaopenda. Kwenye msimbo iwe fanksheni moja ya kuhamisha, unaipa kitu na nafasi mpya, batani zinaiita na kuburuta kunaiita hiyo hiyo. Wengi tunaona kuburuta ndo kazi yenyewe halafu mambo ya kibodi "tutaongeza baadaye", sasa baadaye imefika na barua umeniandikia.

Ila usidhani batani zinajimaliza zenyewe, hapo ndo penye utamu. Kwanza majina. Mistari saba yenye batani saba zote zinaitwa Pandisha, asiyeona akipita kwa Tab anasikia pandisha, shusha, pandisha, shusha, hajui ya nani. Iite "Pandisha Ripoti ya mauzo", ukitaka kwenye skrini ionekane mshale tu basi jina lote liweke kwenye aria-label.

Pili fokasi, yaani kitu ambacho kibodi imekishika kwa sasa, na hii inawatoa watu jasho. Mtu kabonyeza Pandisha, wewe unaung'oa mstari wake kwenye DOM (mti wa vipengele vya ukurasa ndani ya brauza) unaubandika juu, brauza inaona kitu chenye fokasi kimeng'olewa, fokasi inapotea, akibonyeza Tab tena anaweza kujikuta huko mwanzo wa ukurasa. Unaweza kuirudisha kwa focus() baada ya kuhamisha, sawa, lakini kuna njia naipenda zaidi: usimguse yeye, mhamishe jirani. Kama kitu kinapanda hatua moja, mchukue aliye juu yake umshushe chini yake. Matokeo ni yale yale ila batani iliyoshikwa haikutoka mahali pake hata sekunde. Ukiwa unatumia fremuweki inayochora orodha yenyewe, huna uhakika itamhamisha nani, kwa hiyo pima kwanza.

Tatu, kitu kikifika juu kabisa usiizime Pandisha kwa disabled, maana mtu bado kidole kipo juu yake na fokasi inaenda na maji. Tumia aria-disabled="true", iache ifikike, akiibonyeza mwambie tu "Ripoti ya mauzo tayari ipo juu kabisa".

Utamwambiaje? Weka sehemu moja tu kwa ukurasa mzima yenye aria-live="polite", ambayo kisoma skrini husoma maandishi yake yakibadilika, iwepo tangu ukurasa unafunguka ikiwa tupu, ukiiumba muda ule ule unaotaka iseme visoma skrini vingine haviigundui. Kila uhamisho unaandika humo "Ripoti ya mauzo, nafasi ya 2 kati ya 7". Nafasi na jumla vyote viwepo, "imehamishwa" pekee haimsaidii mtu kitu. Na ukirudia sentensi ile ile neno kwa neno huenda isisomwe tena, basi ifute kwanza ndo uandike upya.

SWALI: Sisi tumeshaweka kibodi, Space kushika, mishale kusogeza, Space kuachia, Esc kughairi na kitu kinarudi kilikotoka. Bosi anasema hapo WCAG, ile miongozo ya kufanya wavuti itumike na watu wenye ulemavu, tumeimaliza tusonge mbele. Kweli?
Tunabishana ofisini

JIBU: Nusu. Kigezo cha 2.1.1, kile cha kibodi, mmekigusa. Lakini WCAG 2.2 ilitoka tarehe 5 Oktoba 2023 na ikaja na 2.5.7, daraja la AA, kinasema chochote kinachofanyika kwa kuburuta kifanyike pia kwa kubonyeza tu bila kuburuta, isipokuwa pale ambapo kuburuta ndo kiini chenyewe cha jambo, kama kuchora kwa mkono. Kibodi haikuokoi hapo. Fikiria mtu mikono inatetemeka, mausi anaweza kuisogeza na kuklik anaweza, ila kushikilia huku anavuta hawezi, au anayeongoza mshale kwa macho. Wa kwenye simu ndo kabisa, hiyo Space yenu ataitoa wapi? Na mkiweka hizo batani zisiwe vidudu, 2.5.8 inataka angalau pikseli 24 kwa 24 za CSS, au nafasi ya kutosha kuzizunguka.

Halafu kuna jambo bosi hajaliona. Mtu wa NVDA (kisoma skrini cha Windows) akiwa kwenye hali ya kusoma ukurasa, mishale ni ya NVDA, haifiki kwenye apu yenu. Anabonyeza Space anaambiwa "umeshika", anabonyeza mshale wa chini akitegemea kitu kisogee, kumbe kisoma skrini kimemsomea mstari unaofuata tu, kitu kipo pale pale. Kuna atakayewaambia mzibe kwa role="application", inayokiambia kisoma skrini kiziachie apu vitufe. Mimi nisingethubutu kwa orodha ya kawaida, inamnyima mtu njia zake zote za kusoma.

SWALI: Bodi yetu ina safu tano na safu moja inaweza kufika kadi 150. Hizo Pandisha na Shusha si mtu atabonyeza mpaka kesho?
Kadi nyingi

JIBU: Atabonyeza hadi awachukie. Hapo weka batani moja kwa kadi, Hamisha, inafungua menyu ndogo: safu ipi, nafasi ya ngapi, sawa au ghairi. Safu iwe select ya kawaida, nafasi iwe sehemu ya kuandika namba, na muweke "mwanzo" na "mwisho" maana ndo vinavyotumika sana. Akimaliza, fokasi iende kwenye kadi huko ilikohamia, au ibaki kwenye kadi iliyofuata pale alipokuwa kama anahamisha nyingi mfululizo. Mimi ningechagua ya pili. Wenye macho yao na mausi yao nao wataitumia, kuburuta kadi kutoka ya 140 hadi ya 3 huku ukurasa unaskroli wenyewe ni adhabu kwa yeyote.

SWALI: Kwenye simu, mtu akitaka kuskroli orodha anajikuta kaburuta kitu. Fundi tusaidie.
Vidole vinene

JIBU: Mstari mzima usiburutike, weka kishikio pembeni, kile cha vidoti sita, na touch-action: none, inayoizuia brauza kuskroli kwa kidole, iwe kwenye kishikio peke yake, ukiiweka kwenye orodha nzima umeua kuskroli. Tumia pointer events ili mausi, kidole na kalamu vipite njia moja, na usisahau pointercancel: simu ikikatiza katikati, kitu kirudi kilikotoka, kisiachwe kinaelea. Uhamisho wenyewe ufanyike kidole kinapoinuka, na akiachia nje ya orodha ihesabike kaghairi.