Pedali zinazoyumbisha pua ya ndege
Mkuu, kama pedali ulizojiundia za mchezo wa kurusha ndege kwenye kompyuta zinafanya pua ya ndege icheze kwenye skrini hata ukiwa umetuliza miguu, usikimbilie kubomoa mbao. Shuku potenshiometa kwanza, kile kifaa cha kuzunguka kinachobadilisha umeme kulingana na pedali ilipo. Ya kawaida huzunguka kama nyuzi 270, lakini pedali labda zinaisogeza nyuzi 40 tu, kwa hiyo kati ya hatua 1,024 ambazo Arduino (bodi ndogo inayopeleka mwendo wa pedali kwenye kompyuta) husoma, wewe unapata kama 150. Umeme ukichezacheza kidogo tu, pua inayumba. Ama weka gia, kubwa kwenye mhimili wa pedali na ndogo kwenye potenshiometa, ama (mimi ningefanya hivi) hamia sensa ya Hall (inayohisi sumaku bila kuguswa) kama SS49E na sumaku mbili ndogo. Hakuna kinachosuguana, hakuna kinachochakaa.

Bodi iwe aina ya Leonardo au Pro Micro, kompyuta itaiona kama joistiki. Aina ya Uno R3 itakusumbua bure.

Springi funga mbili zinazovutana, zote ziwe zimekaza kidogo hata pedali zikiwa katikati, la sivyo katikati patakuwa na ulegevu. Na weka vizuizi imara mwisho wa mwendo, maana wakati wa kutua na upepo wa ubavuni mguu hausikii la mtu.