Tundu la kitenge nililoingia nalo ibadani

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Mleta mada anaongoza sifa kanisani kwake, na wiki hizi zimemwandama: pikipiki ya kazi imekufa injini, mwenye nyumba anadai kodi, nyumbani hawaelewani. Akisimama mbele, mdomo unaimba huku akili inapiga hesabu. Anauliza kama huo si unafiki, na kama apumzike huduma kwanza. Wengi mmemjibu kwamba ukifika kanisani uache matatizo yako mlangoni. Mimi hiyo ya mlangoni nimeijaribu miaka. Unayaacha mlangoni, yanapitia dirishani, na ukikaa unayakuta yameshakushikia kiti.

Mimi ni fundi cherehani hapa Mbagala, mlutheri, naimba besi kwaya ya usharika. Na niseme wazi, misiba mikubwa haijawahi kunitoa kwenye ibada. Baba alipofariki jumuiya ilihamia kwetu. Wengine walipika, wengine waliimba, mchungaji akaongoza, kazi yangu ikawa kuitikia tu. Kilichonikausha ni vile vidogo vidogo. Nani anakuja kukupa pole kwa sababu sindano zimekatika tatu kwa siku moja na mteja amekutukana mbele za watu?

Jumamosi moja nilikuwa na vitenge vya sare ya kamati ya harusi. Saa mbili usiku umeme ukakatika, nikawasha pasi ya mkaa. Naijua pasi hiyo, nimeirithi kwa fundi aliyenifundisha, lakini usiku ule nilikuwa na haraka, sikuitikisa vizuri nje. Cheche ikaruka ikatua kwenye gauni la mwenyekiti wa kamati, mgongoni, mahali ambapo hata ua huwezi kubandika likaeleweka. Tundu la ukubwa wa sarafu ya shilingi 200. Kianzio nilikuwa nimeshakila, na kitambaa chenyewe kilinunuliwa Kariakoo, toleo limekwisha dukani.

Asubuhi nikaenda ibada ya kwanza. Tukasimama kuungama. Midomo inasema “Bwana utuhurumie”, kichwani nazunguka maduka yote ya Mtaa wa Kongo natafuta ua lile la bluu. Zamu ya kwaya ilipofika nikaingia kwenye pumziko, pale sauti zote zinaponyamaza, peke yangu, kwa sauti yote ya besi. Mwalimu akanipiga lile jicho ambalo wanakwaya mnalijua.

Baada ya ibada, nje kwenye mnada, kuku wa sadaka anapandishwa bei, mama mmoja wa sauti ya pili akanisogelea. “Baba, leo ulikuwa wapi?” Nikamweleza habari ya tundu. Akauliza, “Mungu umemwambia?”

Nikacheka. “Mama, Mungu nimpelekee habari za kitenge?”

“Mkeo umemwambia. Jirani yako wa cherehani bila shaka umemwambia. Na mimi umeniambia, tena hapa tunanadi kuku. Sasa pale kwenye kuungama ulikuwa unaongea na nani?”

Sikuwa na jibu. Nikamnunulia mua tukaachana.

Jioni nikasoma 2 Wafalme 6, habari niliyokuwa nairuka siku zote. Wana wa manabii wanakata miti Yordani, shoka la mmoja linatumbukia majini, naye analia kwa Elisha, kwa sababu lilikuwa la kuazima. Basi, ni hilo tu! Mistari saba, imekaa katikati ya kuponywa kwa Naamani na majeshi ya mfalme wa Shamu, kama vile mwandishi hakuona aibu kuiweka pale. Kitu cha mtu kimeharibikia mkononi mwako. Mafundi wote tunaijua sauti ya kijana yule. Na Elisha hakumwambia, “Tuko kwenye kazi ya Mungu hapa, mambo ya shoka baadaye.” Aliuliza lilianguka wapi, na chuma kikaelea.

Kwangu mimi chuma hakikuelea. Yule mwenyekiti wa kamati alikasirika, nikalipa kitambaa kwa mafungu matatu, na hajarudi tena mpaka leo. Ila Jumapili iliyofuata wakati wa kuungama nilitaja tundu, nikataja na uongo niliotaka kumdanganya kwamba kitambaa kilikuja nalo. Baada ya hapo nyimbo nilizisikia. Sikuwa na furaha yoyote ya ajabu, ila nilizisikia.

Siku hizi asubuhi, kabla sijakanyaga cherehani, nafungua daftari la oda na kuomba nalo likiwa wazi, jina kwa jina, hadi yule anayenidai suruali tangu Pasaka. Jumamosi saa kumi na mbili jioni nafunga, aliyechelewa amechelewa, na kwa hilo nimepoteza wateja wa kweli, si wa mfano. Simu haiendi kanisani. Nabeba Biblia ya karatasi, kwa sababu ile ya kwenye simu unatafuta Wakolosai unakutana na “fundi vipi nguo yangu”.

Kuna aliyeandika juu kwamba kila kinachoharibika ni shetani, ukemee kwanza ndipo uabudu. Ndugu yangu, simkatai shetani. Lakini pasi sikuitikisa mimi.

Kuhusu unafiki: ungekuwa unafiki kama ungewaambia waumini uko vizuri. Zaburi ya 88 inamalizikia gizani, haina hata mstari mmoja wa kujifariji mwishoni, na bado kichwa chake kinasema ni ya mwimbishaji, yaani mtu kama wewe, aimbishe watu. Usipumzike huduma. Mwambie mwenzako mmoja wa timu hali yako, achukue wimbo wa kwanza, wewe simama nyuma uungame pikipiki yako hadi uishe, ndipo uje mbele.

Niishie hapa, mazoezi ya kwaya yanaanza saa kumi na moja na nusu. Mkanda wa cherehani umekatika tangu mchana na sare za watoto wa Sunday school ziko mezani nusunusu. Naenda hivyohivyo.