Maswali ya Wasomaji: Tahadhari ya Kimbunga Humfikiaje Mwananchi?

SWALI: Ndugu Mhariri, Kimbunga Hidaya kilipokaribia pwani yetu mwezi Mei 2024, mimi nilipata habari kwa shemeji aliyenipigia simu kutoka Dar es Salaam, jirani yangu aliisikia redioni, na wavuvi wawili wa diko letu hawakujua lolote mpaka waliporudi na kukuta wenzao wamekwisha kupandisha mashua. Ni nani hasa mwenye wajibu wa kututangazia, na kwa nini sote tusipate ujumbe wa simu kwa wakati mmoja?
Msomaji, Kilwa

JIBU: Ndugu msomaji, tahadhari ya hali ya hewa hutolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, ambayo huipanga katika ngazi tatu: angalizo kwa rangi ya njano, tahadhari kwa rangi ya chungwa, na tahadhari kubwa kwa nyekundu. Kuifikisha kwa wananchi ni kazi ya wengi, zikiwemo kamati za maafa ambazo Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inazitambua kuanzia taifa hadi kijiji na mtaa. Mwanzo wa safari hiyo ulikwenda vizuri wakati wa Hidaya, kwani taarifa zilitoka mapema na safari za boti za abiria kati ya Dar es Salaam na Unguja zilisitishwa. Tatizo unalolieleza liko mwishoni, kati ya ofisi ya kijiji na diko, ambako tangazo lililobandikwa ukutani halimsaidii mvuvi aliyekwishatweka tanga.

Kuhusu simu, ujumbe mfupi wa kawaida hutumwa kwa namba moja baada ya nyingine, na mtandao ukilemewa huchelewa, pengine kwa saa kadhaa. Upo utaratibu mwingine ambao mnara hurusha ujumbe mmoja kwa simu zote zilizo katika eneo lake, bila kuhitaji namba ya mtu, na simu hulia mlio wa pekee. Uholanzi imekuwa ikiutumia tangu mwaka 2012. Ningependa kuuona ukienea kwetu, ingawa hata huo hauwezi kumfikia mtu ambaye simu yake imezimika au aliye mbali na mnara.

Tulikwisha kuona gharama ya pengo hilo tarehe 26 Desemba 2004. Tetemeko la Sumatra lilitokea kabla ya alfajiri kwa saa zetu, na mawimbi ya tsunami yakafika pwani ya Afrika Mashariki saa nyingi baadaye, mchana. Nchini Kenya watu waliondolewa ufukweni, na aliyefariki alikuwa mmoja. Somalia, ambako hapakuwa na wa kutangaza, ilipoteza watu wapatao mia tatu. Muda wa kuonya ulikuwepo, ila njia ndiyo iliyokosekana.

Kwa hiyo ulizeni katika mkutano wa kijiji, kabla ya msimu wa mvua, ni ishara gani itatumika: bendera nyekundu dikoni, kipaza sauti cha msikiti au mtu wa kupita nyumba kwa nyumba. Wazee wetu walijua kwamba mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo, na nguvu yake ilitokana na makubaliano yaliyofanywa kabla haijapigwa.

SWALI: Nitajuaje kama tahadhari niliyotumiwa kwenye WhatsApp ni ya kweli?
Msomaji, Tanga

JIBU: Taarifa halisi huonyesha aliyeitoa, tarehe, maeneo yanayohusika na muda itakaodumu. Ile isiyo na tarehe, au yenye video ya mawimbi ya nchi usiyoitambua, usiisambaze kabla ya kuilinganisha na redio au kumuuliza mwenyekiti wako. Namba 112 ya polisi na 114 ya Zimamoto na Uokoaji zihifadhiwe kwa mwenye kuhitaji msaada, si kwa kuulizia uvumi.