Maswali ya Wasomaji: Mama Aliyechora Maua Mlimani

SWALI: Mhariri, nimepewa kalenda ya zamani yenye picha ya ua la porini, na chini yake jina Mary Vaux Walcott. Siachi kuitazama. Mama huyu alikuwa nani? Ni kweli alianza kuchora akiwa mtu mzima?
Msomaji, Tanga

JIBU: Ndugu yangu, alianza mapema mno. Alizaliwa Philadelphia, Marekani, mwaka 1860, na akiwa na miaka 8 alipewa boksi la rangi za maji. Kilichomchelewesha ni majukumu ya nyumbani: mama yake alifariki mwaka 1880, na mzigo wa kumtunza baba na wadogo zake wawili wa kiume ukamwangukia yeye.

Kiangazi familia ilikwenda Milima ya Rocky, upande wa Kanada. Huko yeye na wadogo zake walipima na kupiga picha mito ya barafu. Mwaka 1900 alifika kilele cha Mlima Stephen, zaidi ya mita 3,000, mwanamke wa kwanza kufanya hivyo. Kiangazi kimoja huko, mtaalamu mmoja wa mimea alimwomba amchoree ua la arnika, adimu kuonekana. Tangu hapo maua ya porini yakawa kazi yake.

Mwaka 1914, akiwa na miaka 53, aliolewa na Charles Walcott, mkuu wa Taasisi ya Smithsonian, taasisi ya Marekani ya utafiti na makumbusho, ingawa baba yake hakuafiki. Kiangazi mume akichimba visukuku, yaani mabaki ya viumbe vya kale yaliyohifadhiwa mawemawe, mke akitafuta maua. Kati ya 1925 na 1929 taasisi hiyo ilichapa picha zake 400 katika juzuu tano.

Mimi pia nachora kwa rangi za maji, ndiyo maana swali lako limenigusa. Juzi nilikuwa na yungiyungi kwenye beseni. Nilipokuwa nikisubiri rangi ya kwanza ikauke, petali zilikuwa zimeshaanza kujikunja. Kufika mchana ua lilikuwa limejifunga kabisa. Nami nilikuwa nimekaa barazani, kivulini, na chai pembeni.

Yeye alilifuata ua lilikoota, maana likichumwa hunyauka. Ameeleza mwenyewe kwamba mara nyingine, kwenye mteremko au njia ya juu mlimani, ilibidi uwashwe moto kwanza, apashe vidole vilivyokakamaa kwa baridi, ndipo aweze kushika brashi.