Ndege ya mbali kuonekana karibu

SWALI: Shikamoo mzee. Nasomea umeme hapa Moshi. Mwalimu anasema rada inayotoa mapigo 1,000 kwa sekunde mwisho wake ni kilomita 150. Je, ndege iliyo kilomita 180 haionekani kabisa? Na kwa nini mapigo yasiongezwe?
Mwanafunzi, Pasua

JIBU: Marahaba mwanangu. Inaweza kuonekana, tena hapo ndipo penye balaa: itaonekana mahali ambapo haipo.

Kila pigo ni fungu fupi la mawimbi ya redio, nayo hukimbia takriban kilomita 300,000 kwa sekunde. Kwa kuwa yanakwenda na kurudi, kila mikrosekunde (sehemu moja ya milioni ya sekunde) ya kusubiri ni mita 150 za umbali. Hiyo ishike kichwani, mengine yote utayapata humo. Rada ikisimama KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, ikapiga kuelekea kilele cha Kibo, kama kilomita 50 hivi, mwangwi unarudi baada ya mikrosekunde 333.

Sasa mapigo 1,000 kwa sekunde yanaachana kwa mikrosekunde 1,000. Mwangwi wa ndege yako unahitaji 1,200. Utakapofika, pigo la pili litakuwa limeondoka mikrosekunde 200 zilizopita, na mtambo huanza kuhesabu upya kwa kila pigo. Utaandika kilomita 30! Mwangwi hauji na jina la pigo lililouzaa.

Kuongeza mapigo kunazidisha tatizo: yakifika 2,000, mpaka unashuka hadi kilomita 75. Kuyapunguza sana nako hakufai, kwani antena inazunguka, na ndege itapigwa mara chache mno kabla haijapitwa.

Dawa tuliyoizoea mafundi ni kutoyapanga mapigo kwa nafasi sawa. Acha mikrosekunde 1,000, kisha 1,100, kisha urudie. Ndege iliyo kweli kilomita 30 haihami kwenye skrini. Ile ya uongo inaruka: mara 30, mara 15. Mtambo unaikamata hapo hapo na kuifuta.

Hujauliza urefu wa pigo lenyewe, lakini mtihani utauliza. Pigo la mikrosekunde 1 haliwezi kutenganisha ndege mbili zilizofuatana kwa chini ya mita 150, zinaonekana moja. Wanafunzi hukimbilia kujibu "tulifupishe". Sawa, ila pigo fupi hubeba nishati kidogo, na mwangwi wa mbali unafifia. Ndiyo maana rada nyingi za siku hizi hutuma pigo refu ambalo masafa yake (idadi ya mitetemo kwa sekunde) yanapanda au kushuka ndani kwa ndani, kisha risiva, yaani kipokezi, inaubana mwangwi uwe mfupi.